Shanga za kioo zenye sura kwa watoto wagonjwa: mwongozo kamili kwa fundi wa Mtwara na Lindi

Mtoto mwenye selimundu anaweza kulazwa mara kadhaa kabla hajaanza shule. Anachomwa sindano, anaongezewa damu, anakesha akilia miguu. Akiruhusiwa kurudi nyumbani hana chochote mkononi cha kuonyesha aliyoyapita. Huko Marekani upo mpango uitwao Beads of Courage, ambao humpa mtoto ushanga kwa kila hatua ya matibabu anayoivuka, na mafundi wa kioo hujitolea kutengeneza kwa mikono shanga za pekee zenye umbo la samaki, ndege au uso. Uzi unaporefuka, mtoto anaweza kusimulia ugonjwa wake mwenyewe, ushanga kwa ushanga. Kazi hii inawezekana kwetu, kwa watoto wanaolazwa katika hospitali za Ligula, Sokoine kule Lindi, au Ndanda.

Mafundi wa ng'ambo wengi hutumia tochi ya gesi na oksijeni pamoja na fito za kioo cha rangi. Vitu hivyo ni ghali, na fito hizo huzikuti Soko Kuu. Njia ninayoieleza hapa inafuata ufundi wa Wakrobo wa Ghana, ambao kwa vizazi vingi wamesaga chupa, wakajaza unga wake kwenye kalibu za udongo na kuuchoma katika tanuru la udongo wa kichuguu. Chupa tunazo, vichuguu tunavyo, wafinyanzi wapo, na wachongaji wa Kimakonde wapo. Shanga za kioo zilizofukuliwa katika magofu ya Kilwa Kisiwani zililetwa na vyombo kutoka mbali. Hizi tutazichoma wenyewe.

Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo. Ushanga wa kuuza sokoni ukipasuka, mnunuzi atakasirika. Ushanga wa mtoto mgonjwa ukipasuka, unamkata mtu ambaye mwili wake tayari una kazi kubwa. Kwa hiyo uimara unatangulia uzuri katika kila hatua.

Kuchagua kioo

Tumia chupa za soda, bia na maji peke yake. Chupa nzima ina thamani yake, inarudi kiwandani kujazwa, hivyo waombe wenye baa na grosari zile zilizovunjika wakuwekee kwenye ndoo. Usiguse kioo cha televisheni za zamani wala bilauri nzito za kristali, kwa sababu vina risasi, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Taa ndefu za mrija zina zebaki. Vioo vya kujitazamia vina rangi mgongoni, vya mbele ya gari vina plastiki katikati, na mabakuli ya kioo ya kuwekwa kwenye oveni hayayeyuki kwa joto tutakalotumia.

Tenga chupa kwa aina na rangi, kila aina na ndoo yake, na ushanga mmoja utoke kwenye ndoo moja. Sababu ni kwamba kila kioo hutanuka na kunywea kwa kiasi chake. Ukiunganisha viwili visivyolingana vitashikana vizuri motoni, halafu vikipoa vitavutana. Ufa unaweza kutokea siku hiyohiyo, au baada ya wiki mbili ushanga ukiwa tayari mkononi mwa mtoto. Ukitaka macho ya kahawia kwenye mwili mweupe, choma kwanza kipande cha majaribio chenye rangi zote mbili, kiweke wiki nzima, kisha kitie kwenye maji ya moto na mara moja kwenye maji ya bomba. Kikipona, ndoo hizo mbili zinaelewana.

Rangi ya bahari inapatikana kwa shaba. Waombe mafundi umeme mabaki ya nyaya, yamenye plastiki kwa kisu (usiyachome, moshi wake ni sumu), pasha shaba hadi iwe nyekundu kisha itumbukize majini. Magamba meusi yatabanduka. Yasage yawe laini sana na uchanganye gramu 1 kwa kila gramu 100 za unga wa chupa nyeupe. Utapata buluu inayoelekea kijani, mradi moshi wa mkaa usiufikie ushanga. Ukifikiwa, shaba hugeuka wekundu uliofifia.

Kusaga bila kujidhuru

Vumbi la kioo huingia kwenye mapafu na halitoki. Vaa barakoa nzuri na miwani ya fundi, fanya kazi nje, watoto wawe mbali, na kamwe usifagie pakavu: futa kwa kitambaa kibichi. Kinu utakachotumia kisirudi jikoni tena.

Loweka chupa kwenye maji ya majivu, toa karatasi, suuza. Kisha weka vipande kwenye debe la chuma juu ya mkaa mpaka vipate moto sana, na uvimwage kwenye ndoo ya chuma yenye maji mengi huku umesimama mbali na umevaa miwani. Kioo kitajaa nyufa ndogondogo na baada ya hapo kitasagika kwa pigo jepesi. Twanga kikiwa kibichi, ndani ya kipande cha bomba nene la chuma kilichofungwa chini, kwa nondo. Anika unga, upitishe sumaku ya spika mbovu mara mbili tatu ili kunasa chembe za chuma (zikibaki zitakuwa madoa meusi), kisha uuchekeche. Unga laini uwe wa sura na macho, chenga zinazofanana na sukari ziwe za mwili. Unga mtupu huufanya ushanga uwe na ukungu. Chenga huacha mwanga upite.

Sura zipi?

Hapa nina msimamo. Mchongaji wa kwanza utakayemwendea anaweza kukuambia mchonge lipiko (kinyago cha kuvaa usoni, wingi wake mapiko), kwa kuwa ndiyo sura inayotambulisha Wamakonde. Usikubali kwa kazi hii. Mapiko yana mahali pake jandoni na kwenye ngoma, na mtoto mdogo anayaogopa kwa haki. Mtoto aliye na dripu anahitaji kiumbe atakayemfanya rafiki.

Kasa anafaa kuliko wote. Ana mgongo wa mviringo, hana kitu chembamba cha kuvunjika, na watoto wa pwani wanamjua. Samaki changu, pweza aliyekunja mikono, tembo mwenye mkonga uliogandamana na kifua, korosho yenye uso wa kucheka chini ya bibo lake, vyote vinawezekana. Na kwa watoto wa Lindi nachonga mjusi wa Tendaguru, yule mnyama wa kale mwenye shingo ndefu aliyefukuliwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na ambaye mifupa yake imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Shingo yake lazima uikunje iungane na mgongo, la sivyo itakatika. Kanuni ninayoifuata ni hii: kitu chochote kinachochomoza kisiwe kirefu kuliko unene wake.

Kalibu

Mpe mchongaji kipande cha mpingo atengeneze mfano wa sentimita 2.5. Ushanga utatoka na kama sentimita 2, kwa kuwa udongo hunywea ukikauka na unga wa kioo hunywea ukiyeyuka. Mfano uwe na upande mmoja bapa, na usiwe na mahali panaporudi ndani chini ya ukingo, maana hapo ndipo ushanga utakaponasa. Upake mafuta ya nazi, uukandamize kwenye donge la udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na chenga za chungu kilichovunjika, kisha uuinue moja kwa moja juu. Kwenye ukingo kata vijia viwili vinavyotazamana, kichwani na mkiani, ambamo kijiti cha tundu kitalala.

Acha kalibu kivulini kwa wiki moja, ichome ikiwa tupu hadi iwe nyekundu, iache ipoe. Kabla ya kila matumizi ipake ndani udongo mweupe wa kaolini, kama ule wa vilima vya Pugu, uliokorogwa na maji uwe mzito kama uji mwepesi. Paka mara mbili, na mkono wa kwanza ukauke kabla ya wa pili. Bila kaolini, kioo hukamata kalibu na utalazimika kuvunja vyote.

Tundu

Wakrobo hutumia kikonyo cha jani la muhogo: hukisimamisha katikati ya unga, kinaungua motoni, tundu linabaki. Kwa shanga za mviringo zilizosimama ni njia safi kabisa, na mihogo Mtwara haina haja ya kutafutwa. Lakini kwa kasa aliyelala, tundu la kikonyo huweza kufumba kioo kinapolainika. Hapo tumia spoku ya baiskeli ya chuma kisichoshika kutu, iliyokatwa sentimita 8 na kuchovywa kaolini mara mbili. Spoku rahisi zilizopakwa zinki usizitumie, moshi wake mweupe unadhuru; utazitambua kwa unga mweupe unaoota juu yake zikikaa kwenye upepo wa bahari. Chuma kikipoa hunywea zaidi kuliko kioo, na ndiyo maana spoku hulegea yenyewe ndani ya tundu.

Kujaza kalibu

Hii ndiyo hatua inayotaka utulivu. Tuchukue kasa wa rangi tatu, ambazo ndoo zake zimeshapita kipimo cha majaribio. Kumbuka uso wake unatazama chini, kwa hiyo kinachotangulia kuingia ndicho kitakachoonekana. Lainisha gundi ya mkorosho kwenye maji kidogo. Kwa ncha ya mwiba okota unga wa kahawia uliolowa gundi hiyo, ujaze vishimo viwili vya macho, kila kimoja mpaka usawa wa ukingo wake na si zaidi. Ukizidisha, jicho litatambaa hadi shavuni. Acha pakauke.

Kisha weka unga laini wa buluu kwenye mistari ya gamba, ukiukandamiza kwa kijiti cha mti kilichopondwa ncha kama mswaki. Juu yake jaza chenga za kijani, zikiwa na unyevu kidogo, mpaka nusu ya kina. Laza spoku kwenye vijia vyake. Ongeza chenga hadi zifunike spoku na kuvimba juu ya ukingo, kilima cha karibu nusu ya kina cha kalibu, kwa sababu hewa iliyo kati ya chenga itatoka na ushanga utashuka. Kaushia juani mpaka pasiwe na unyevu wowote. Maji yakibaki, mvuke utarusha chenga zote.

Tanuru

Lijenge kuanzia Mei, mvua zikiisha, nje na mbali na makuti. Mdomo wake usitazame kusini, maana kusi ikivuma itautawala moto badala yako. Tumia tofali za kuchoma na udongo wa kichuguu uliokandwa na majani makavu yaliyokatwa. Chumba cha mkaa kiwe chini chenye tundu la mvukuto, juu yake rafu ya kigae kinene, na juu ya rafu chungu kilichofunikwa ambamo kalibu zitakaa bila kuguswa na mkaa wala moshi. Acha kitundu cha kuchungulia chenye kizibo. Likaushe wiki mbili, kisha liwashie moto mdogo mara kadhaa kabla ya kazi yenyewe.

Mkaa wa vifuu vya nazi ni mzuri mno, una joto na majivu machache. Maganda ya korosho usiyachome hata kama unayapata bure kiwandani: mafuta yake hubabua ngozi na moshi wake huwasha macho na kifua.

Huna kipimajoto? Tumia vitu viwili vya jikoni. Weka kwenye kijikombe cha udongo kipande cha sufuria ya alumini, na kwenye kijikombe kingine chumvi ya mawe uliyokwisha kuikaanga ili isiruke. Viweke karibu na kalibu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, chumvi kwenye 801. Alumini iliyoyeyuka hubaki na ngozi inayoficha hali yake, kwa hiyo iguse kwa waya mrefu: ikibonyea, umevuka 660. Chumvi ikiwa bado chenga, hujafika 801. Kioo cha chupa kinashikana katikati ya alama hizo mbili, karibu zaidi na ile ya juu.

Panda taratibu. Saa ya kwanza moto uwe mdogo. Halafu anza kuvukuta, na alumini ikishabonyea chungulia kila dakika kumi. Utaona chenga zikipoteza pembe, kisha zikiungana, kisha mgongo wa ushanga (upande bapa ulio juu) ukianza kung'aa. Ukishang'aa wote, subiri kidogo tu, kisha acha kuvukuta. Chumvi ikianza kuyeyuka umefika mwisho. Ukiendelea, sura zitafutika.

Kupoza

Ukichoka, choka mahali pengine, si hapa. Kioo kinachopoa haraka hubaki na mvutano ndani usioonekana kwa macho. Ukishaacha kuvukuta, ziba mdomo, tundu la mvukuto na kitundu cha kuchungulia kwa udongo mbichi, mwagia majivu juu ya kifuniko, uondoke. Hatari kubwa iko kati ya nyuzi 550 na 400, na hapo tanuru lishuke polepole kadiri linavyoweza. Usifungue mpaka kesho yake, ukuta ukiwa unashikika kwa kiganja kilichotulia. Majirani watataka kuona. Waambie waje kesho mchana.

Kutoa, kusafisha na kukagua

Loweka kalibu majini saa moja. Zungusha spoku, usiivute. Kaolini iliyobaki tunduni isugue ikiwa na maji, kwa uzi wa nailoni uliotiwa mchanga laini, ukivuta huku na huku mpaka maji yatoke safi. Sugua mgongo na ncha kwenye jiwe la kunolea lenye maji. Midomo ya tundu inataka uangalifu wa pekee, kwani ndiyo inayokata uzi na ngozi.

Sasa ukaguzi. Shika ushanga mbele ya jua, utazame kwa kila upande: mstari unaometa ndani ni ufa. Pitisha soksi nyembamba ya kike juu yake wote. Ikinasa popote, rudi kwenye jiwe. Utie kwenye maji ya moto, kisha ya baridi. Udondoshe kutoka usawa wa kiuno kwenye sakafu ya saruji. Mwisho uweke kwenye kopo wiki mbili na uutazame tena. Utakaoshindwa popote urudi kinuni, hata uwe mzuri namna gani.

Kuupeleka wodini

Usiingie wodini na mfuko wa zawadi. Anza kwa uongozi wa hospitali na afisa ustawi wa jamii, kisha kaa na muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto. Muulize, "Sista, ni mambo gani watoto wako wanayaogopa zaidi?" Majibu yake ndiyo yatakayopanga shanga: kasa kwa kuongezewa damu, samaki kwa kuchomwa dripu, tembo kwa upasuaji, mjusi mkubwa kwa siku ya kuruhusiwa. Andika orodha hiyo kwenye karatasi moja ibandikwe mezani kwake, na yeye ndiye agawe. Wewe huna haja ya kujua jina la mtoto wala ugonjwa wake, na usipige picha.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe ushanga mkononi, ataumeza. Wake akabidhiwe mama amtunzie. Shanga ziingizwe kwenye uzi mfupi wa mkononi au wa kutundika kitandani. Usikate uzi wa urefu wa kiuno, kwa sababu pwani yetu shanga za kiunoni zina maana yake na mama anaweza kuona umemvunjia heshima binti yake. Pia muuguzi aeleze waziwazi kwamba hii si hirizi na haitibu; dawa ziendelee na kliniki isikosekane. Ni kumbukumbu ya kitu ambacho mtoto amekishinda. Uzuri wa kioo ni kwamba kinaoshwa kwa sabuni na maji bila kuharibika, jambo ambalo mbao na mbegu haziwezi, na wodini hilo lina uzito.

Kama watu wanataka kukuchangia, uza shanga za ziada kwa wageni, na daftari la fedha lishikwe na watu wawili. Gharama zako kubwa zitakuwa mkaa, kaolini na barakoa.

Mwachie muuguzi kopo lenye akiba ya kila sura, kwa kuwa uzi hukatika na watoto hupoteza, na mtoto aliyepoteza kasa wake arudishiwe kasa. Pita kila mwezi uhesabu zilizobaki. Sura iliyokwisha kwanza ndiyo utakayojaza kwenye kalibu nyingi zaidi safari ijayo.